"Baba Amekuwa Mvivu"

Mama msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya mgonjwa aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, na hasa juu ya mazoezi aliyopewa alipotoka hospitali. Hapa Tabora nawatembelea wagonjwa wa namna hii majumbani, na mara nyingi hali ni ile ile. Wiki ya kwanza anayafanya, ya pili anasukumwa, ya tatu ameacha. Nyumba nzima inasema, "Baba amekuwa mvivu."

Jaribu wewe kuinua mkono mtupu mara 50 asubuhi na 50 jioni, uone kama moyo hautachoka kabla ya mkono! Lakini wingi ule una sababu. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu hairudi. Zile zilizo hai ndizo zinazojifunza kazi yake, nazo hujifunza kwa kurudia rudia. Shida ni kupata namna ya kurudia bila kuchosha.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua namna hiyo. Katika njia ya misafara, tangu Ujiji kupitia hapa kwetu hadi Bagamoyo, kilomita kama 1,200, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, wakitembea kwa ngoma na nyimbo. (Njia hiyo ina machungu yake ya utumwa, sisahau.) Mguu hufuata mdundo. Mwaka 1997 Michael Thaut na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa wagonjwa wa kiharusi waliofundishwa kutembea kwa kufuata mdundo walipiga hatua ndefu na za haraka zaidi kuliko waliofundishwa bila mdundo. Basi anayeweza kusimama atembee uani huku mjukuu akipiga debe polepole, na wimbo achague mgonjwa mwenyewe. Tena wako waliopoteza usemi ambao huweza kuimba maneno ya wimbo waliouzoea tangu ujana.

Mkono nao upe kazi. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Babu acheze na jirani yake, sharti kete azitie shimoni moja moja kwa mkono ulio dhaifu. Aanze na vijiwe vikubwa, baadaye komwe. Mama apewe karanga za kumenya au maharage ya kuchambua. Mzee mmoja, fundi wa mizinga ya nyuki, alikataa katakata mpira wa kuminya. Alisema yeye si mtoto. Alipoletewa kamba za kusokota alikaa nazo mpaka jua likawa kali. Mimi sipendi kabisa kuona mtu mzima akipigiwa makofi kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Kabla ya kubadili zoezi lolote, muulize mtaalamu wa fiziotherapia. Usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, maana bega huteguka upesi. Akitembea, simama upande wake dhaifu. Dawa za presha ziendelee. Akipata kizunguzungu, au kichwa kikamuuma ghafla, acheni na mwende hospitali.

Na kama analia ovyo, hali, halali, na hata bao alilolipenda halimvuti tena, huenda ni sonona. Huwapata wengi baada ya kiharusi, nayo ina tiba. Mrudishe kliniki umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoona.