HUYO DADA WA MANDEWA HANA MARINGO, MWACHENI AMLINDE MWANAE

Stori iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp pale Singida mjini ni ya dada mmoja wa Mandewa, jina linawekwa pembeni. Kajifungua, mtoto hajamaliza hata wiki mbili. Akatokea MC mmoja wa maharusi, yule ambaye sauti yake hakuna asiyeijua mjini, na kundi lake nyuma, zawadi mkononi, simu juu tayari kwa picha. Tatizo MC mwenyewe anapiga chafya, sauti imekwaruza, macho mekundu kama kalia usiku kucha.

Dada akapokea zawadi, akashukuru, akawapa wageni soda pale barazani. Mtoto hakutoka. Kesho yake MC kaweka status kwamba siku hizi watu wakizaa wanajiona wamezaa mfalme. Basi! Mji mzima ukamrukia dada wa watu. Ooh maringo, ooh anaogopa mtoto atalogwa.

Sasa ukweli usemwe. Homa ya mafua, ile influenza yenyewe, kwa MC ni chai ya tangawizi na siku chache za kujilaza, kisha anarudi jukwaani. Kwa kichanga ni habari nyingine kabisa. Njia zake za hewa ni nyembamba, pua ikiziba tu kunyonya kunakuwa vita, na kinga ya mwili ndio kwanza inajifunza kazi. Inaweza kushuka kifuani ikawa nimonia. Na kichanga hana kelele za mtu mzima. Wengine hata joto halipandi, mwili unapoa, analala tu, anagoma ziwa, wengine pumzi inakatika kwa muda. Watu wanasema "mtoto mpole huyu", kumbe anaondoka.

Halafu hakuna chanjo ya mafua ya kumpa. Inaanza miezi 6, chini ya hapo hachomwi popote duniani. Akizaliwa anapata ya kifua kikuu na matone ya polio, wiki ya 6 zinaanza nyingine. Ndani ya sindano ya wiki ya 6 kuna kinga ya kitu kinaitwa Hib, ambacho jina lake refu lina neno influenza, ila lisikuchanganye, yule ni bakteria, siyo kirusi cha mafua.

Kinga yake inatoka kwa mama, akichanjwa akiwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani toka 2012 limewaweka wajawazito mstari wa mbele kwa chanjo hiyo, na utafiti wa Soweto, Afrika Kusini, uliotoka 2014 ulionyesha inapunguza influenza kwa vichanga karibu nusu. Lakini kliniki za Bongo mjamzito anachomwa ya pepopunda, ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida. Kwa hiyo dada wa Mandewa alibakiwa na silaha gani? Mlango wake. Ndio huo aliufunga, mkanuna.

Kuna wale wa "mbona sisi tulibebwa na kila mtu na tumekua". Waliokua ndio wanaosimulia. Ambao hawakukua hawana status.

Wengine wanasingizia upepo. Kweli Singida kuna upepo, tena ukifika Juni unakata mpaka mifupa, lakini upepo haukohoi. Kumfungia mtoto chumbani madirisha yote, jiko la mkaa humo humo, na wageni kumi wanapokezana kumbusu, hiyo ndiyo hatari. Na asali ya Singida pamoja na sifa zake zote, chini ya mwaka mmoja mtoto haonjeshwi, hata kwa dawa ya kikohozi.

Kinachochekesha, wanaomwita mshamba bibi zao walikaa ndani siku 40 na hakuna aliyewatukana.

Siyo kwamba mzazi asitembelewe. Anahitaji watu kweli. Leta kuku wa kienyeji, fua nepi, pika uji, uondoke. Unakohoa? Tuma kwa bodaboda. Mama mwenyewe akipata mafua asimwachishe ziwa mtoto, anyonyeshe akiwa amevaa barakoa na kanawa mikono kwa sabuni. Na kichanga akigoma kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani, joto likifika 37.5 au mwili ukiwa wa baridi, ni hospitali hata iwe saa nane usiku. Siyo duka la dawa.

Na MC, kama shida ilikuwa picha, mtoto akifika miezi mitatu atakuwa anacheka kabisa, itatoka nzuri zaidi. Aje tu akiwa amepona.