Wapiga jazi wa Tanga walitoka nyumba gani?

Kijana wa kidato cha pili akisema nyumbani kwamba anataka kujifunza gitaa, jibu linajulikana kabla hajamaliza kusema. "Muziki utakulisha nini, mwanangu?" Swali hilo linaulizwa Chumbageni, linaulizwa Ngamiani na Makorora, na halikuanza na Bongo Fleva. Lina umri wa bendi zenyewe.

Kwa mzazi wa Tanga swali hilo lina majibu ya karibu kuliko anavyodhani. Mji huu ndio uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ndiko walikotokea ndugu wa Kinyonga, waasisi wa Simba wa Nyika. Anayetaka kujua muziki unaweza kumfanyia nini kijana na familia yake, kwa heri na kwa shari, hana haja ya kutazama Marekani.

Kwanza neno lenyewe. Jazi ya Tanga si ile ya Louis Armstrong. Bendi za dansi za Tanganyika zilijiita "Jazz" kwa sababu jina hilo lilikuwa na harufu ya mjini na ya kisasa. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930, kisha zikafuata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi. Kilichopigwa hasa ni rumba. Santuri za Cuba, zile zilizojulikana kwa herufi GV, zilisikilizwa mpaka zikachakaa, baadaye magitaa ya Kongo yakaingia, na ngoma za nyumbani hazikuachwa nyuma. Gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi, tumba, na saksofoni kwa bendi iliyoweza kuimudu.

Sasa, walitoka nyumba gani vijana hao? Jamhuri Jazz ilianza mwaka 1955 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linasema mengi. Unyamwezi uko Tabora, mbali kabisa na bahari. Kilichowaleta Wanyamwezi Tanga ni mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ndani ya miongo michache mashamba yalikuwa yamezunguka Pangani, Muheza na Korogwe. Kazi ya kukata mkonge ilikuwa ngumu na malipo madogo, na wenyeji wengi waliikwepa. Wafanyakazi wakatafutwa bara: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi maalumu ya kuwatafuta, SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba.

Mtu aliyefika hivyo hakuwa na shangazi wa kumuuguza wala mjomba wa kumzika. Kwa watu wa aina hiyo kikundi cha ngoma kilikuwa zaidi ya burudani. Hata kabla ya magitaa, vyama vya beni vya pwani kama Marini na Arinoti vilishindana kwa sare na vigoma, lakini vilevile vilichangiana kwenye ugonjwa na msiba. Klabu za jazi zilikuja mjini ambamo desturi hiyo ilikuwa imeshakomaa. Ushindani wa Jamhuri na Atomic, uliowagawa watu wa Tanga kama timu za mpira zinavyowagawa leo, nao ulikuta njia imeshachongwa.

Kwa hiyo ukisikia mzee akisema wapiga muziki walikuwa wahuni, kumbuka hayo. Wengi wa wapenzi na wapigaji wa bendi hizi walikuwa watu wa kazi za mshahara mdogo au watoto wao. Amboni Jazz ilibeba jina la Amboni, penye mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na fedha hiyo, hata makombo yake tu, ndiyo iliyolipa viingilio mlangoni. Bei ya mkonge ilipoporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, si mashamba peke yake yaliyopoteza watu. Kumbi nazo zilipoteza.

Baada ya uhuru jina la kabila liliachwa, Young Nyamwezi ikawa Jamhuri Jazz. Mwaka 1966 wakaingia humo ndugu wawili wa mjini Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, wote wakiimba na kupiga gitaa. Jamhuri ndiyo ilikuwa shule yao. Hakukuwa na chuo cha muziki wala cheti. Kijana aliketi pembeni akatazama vidole vya mkubwa wake, akarudia, akakosea, akachekwa, akarudia tena. Ni mafunzo ya kazi yasiyotofautiana sana na ya fundi seremala, ila wazazi wengi hawakuyaona kuwa mafunzo kwa sababu yalifanyika jioni.

Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, na pamoja na ndugu yao mwingine, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Nairobi na kuanzisha Simba wa Nyika. Kuvuka huko hakukuwa kiburi cha ujana. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukasikika nchi nzima, lakini santuri ya kuuza dukani ilitoka Nairobi, zilikokuwa kampuni za kurekodi. Mpiga gitaa aliyetaka kuishi kwa gitaa alifuata kiwanda, kama manamba walivyofuata mkonge.

Mafanikio yalikuja, na mgawanyiko ukaja pamoja nayo. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitoa, akiwamo mpiga ridhimu Omar Shabani, wakaunda Les Wanyika. Hao ndio wenye wimbo wa Sina Makosa, unaopigwa kwenye harusi mpaka leo na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika. Familia moja ya muziki, matawi matatu. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na Simba wa Nyika ikaishia kwao.

Mashabiki husimulia migawanyiko kama kisa cha wivu. Wivu haukosekani penye watu, lakini mzazi atazame zaidi mfuko. Katika bendi nyingi za enzi hizo vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya tajiri aliyevinunua. Mwanamuziki aligusa gitaa wakati wa mazoezi na onyesho, kisha likafungiwa stoo. Akiugua au akigombana na uongozi, aliondoka na vidole vyake tu. Wimbo nao ulikuwa hivyohivyo: ukisharekodiwa ulipigwa redioni mara elfu, na aliyeutunga hakuona senti kwa kila mpigo. Sheria ya hakimiliki iliyoweka msingi wa COSOTA ni ya mwaka 1999, wakati ndugu wawili wa Kinyonga wameshazikwa. Kwa hiyo "utakula nini" ni swali zuri, ila halijakamilika. Mzazi aulize pia: chombo ni cha nani, na wimbo umeandikishwa kwa jina la nani? Kijana wa leo anayerekodi kwenye studio ya chumba kimoja na kumwachia mwenye studio kila kitu yuko mahali palepale walipokuwa wakubwa wake mwaka 1966.

Wazazi wenye mabinti watauliza wao wako wapi katika habari hii. Kwenye jukwaa la jazi hawakuonekana sana. Nafasi yao Tanga ilikuwa upande wa taarabu, katika Black Star na Lucky Star, na humo ndimo iliposikika sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 2016. Taarabu ilikuwa na heshima ya harusini, watu wanakaa, familia zinaonekana, na pengine ndiyo sababu nyumba nyingi ziliiruhusu.

Kuna jambo ambalo katazo la wazazi halikuliweza. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyeanzisha La Paloma mwaka 1948 na baadaye akavuma na Cuban Marimba, inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba kwenyewe. Aliishia Mombasa. Kijana wa namna hiyo humfungii mlango. Unachoweza kufanya ni kujua anakwenda wapi na anarudi na nani. Maana hatari iliyowaua wakubwa hawa haikuwa gitaa. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na Super Volcano alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Mwanamuziki husafiri usiku, mara nyingi baada ya saa nyingi za kazi bila usingizi, na dereva naye hajalala. Bendi ya vijana inapoalikwa Korogwe au Lushoto, kulala hukohuko na kurudi asubuhi ni gharama inayostahili kulipwa kabla ya gharama ya sare.

Hatari nyingine haina kishindo cha ajali na huingia polepole: masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Sauti ikiongezeka kwa desibeli tatu tu, muda salama unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo spika za ukumbini hufikisha bila shida, kinachobaki ni kama dakika 20 kwa wiki nzima. Mazoezi ya saa mbili kwenye chumba cha bati, spika zikiwa usawa wa uso, yanamaliza kiwango hicho mara kadhaa. Wapiga jazi wa zamani walianza na vikuza sauti vidogo. Watoto wetu wanaanza na mizinga.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Dalili ya mwanzo ni mlio au mvumo masikioni baada ya mazoezi, kisha kijana anaanza kuongeza sauti ya televisheni, au anaitikia "eti?" kila anaposemeshwa na wazazi wanadhani ni jeuri. Pamba masikioni haisaidii kitu cha maana. Kinachosaidia ni viziba masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kuinua spika au kuzigeuza zisielekee vichwa vya wapigaji, na kutoka nje kupumzisha masikio kila baada ya muda. Mlio usipoisha baada ya siku mbili, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, wala asitiwe mafuta ya moto. Na mtoto asiyepiga chombo chochote, ila analala na spika za masikioni za simu zikivuma, yumo katika hesabu hiihii: sauti ya simu isizidi asilimia 60.

Kwa anayeanza, gitaa kavu, lile ambalo wakubwa waliliita galatoni, linatosha kwa mwaka wa kwanza na zaidi. Halihitaji umeme wala spika, mzazi anaweza kumsikia mwanawe akiwa sebuleni, na likinunuliwa na nyumba linabaki la nyumba. Kijana akijiunga na bendi, analo. Akigombana nao, anarudi nalo.