Shirika likiharibika, nani atajibu: wadhamini au mkurugenzi?

Kuanzia Lunga Lunga hadi Kiunga, ni vigumu kupata mji usio na madrasa, zahanati, makao ya watoto au mfuko wa karo unaoendeshwa kwa pesa za hisani. Nyingi ya taasisi hizi zina karatasi yenye majina ya wadhamini: mzee anayeheshimika, mwalimu mstaafu, mfanyabiashara aliyetoa saruji, na labda mfadhili mmoja anayeishi Italia au Ujerumani. Waulize wajibu wao kisheria, na wengi watakuambia umuulize mkurugenzi.

Jibu hilo linazidi kuwa hatari. Tarehe 14 Mei 2024, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilianza kutumika hatimaye. Ilipitishwa 2013 na kuwekwa kando miaka 11, licha ya Mahakama Kuu kuagiza mwaka 2016 kwamba ianze. Imechukua nafasi ya sheria ya 1990, bodi ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali imegeuka kuwa mamlaka, na mashirika yaliyokuwepo yakatakiwa kujisajili upya. Ndipo watu wanapofungua makabati na kutoa katiba za zamani, na kugundua kwamba mdhamini mmoja ameshafariki, mwingine yuko Dubai, na wa tatu hakujua hata kwamba jina lake limo.

Tuanze na tofauti yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mambo huchanganyika. Mdhamini anashika mali ambayo si yake, kwa faida ya watu wengine. Mkurugenzi, mhasibu na meneja wa miradi ni waajiriwa. Wadhamini huamua shirika linakwenda wapi, hupitisha bajeti, humwajiri mkurugenzi na kumsimamia. Mkurugenzi hutekeleza na kuleta ripoti. Kwenye karatasi ni rahisi.

Hali halisi ni mbili. Kuna bodi ambayo haikutani, na mwenyekiti hutia sahihi hundi tupu akiwa harusini kwa sababu mkurugenzi ni kijana mwaminifu. Na kuna mwenyekiti ambaye kitabu cha hundi kinalala chini ya mto wake, anaajiri wapwa zake na kununua mawe kutoka timbo lake mwenyewe, huku mkurugenzi akibaki kama karani. Kwa maoni yangu hii ya pili inasemwa kidogo mno hapa Pwani, kwa sababu anayeguswa ni mzee na sisi hatupendi kumuuliza mzee hesabu.

Sheria ya wadhamini haimbebeshi mtu kosa la mwenzake bila sababu. Mdhamini hujibu kwa matendo na uzembe wake mwenyewe. Lakini kutia sahihi hundi tupu ni uzembe wa mtia sahihi, hata kama pesa zilichukuliwa na mwingine. Vilevile mahakama ina uwezo wa kumsamehe mdhamini aliyefanya kazi kwa uaminifu na kwa busara. Kwa hivyo kumbukumbu za kikao si urembo. Aliyepinga malipo na pingamizi lake likaandikwa hayuko sawa na aliyenyamaza, akanywa chai na kuondoka.

Upande wa jinai hauna mkubwa wala mdogo. Chini ya Kanuni ya Adhabu, mdhamini anayegeuza mali ya amana kuwa yake kwa nia ya kulaghai anaweza kufungwa hadi miaka 7. Mwajiriwa anayemwibia mwajiri wake naye anakabiliwa na miaka 7.

Hata hivyo wizi si hasara kubwa zaidi. Kubwa zaidi ni ardhi. Kikundi kinachangisha pesa, kinanunua kiwanja cha zahanati au shule, kisha hatimiliki inaandikwa kwa majina ya watu watatu wanaoaminika. Miaka 20 inapita. Wawili wanafariki, watoto wao wanakuta jina la baba kwenye hati, na wanakwenda kwa wakili wakiamini kwamba ni urithi. Si lazima wawe wabaya. Hati ndiyo inayosema hivyo. Kijiji kinaanza kutafuta mashahidi wa mkutano uliofanyika chini ya mwembe, na kesi inaweza kuchukua miaka huku jengo likibaki bila paa.

Dawa ya jambo hili ipo tangu enzi za ukoloni, katika sheria inayowaruhusu wadhamini kusajiliwa kama chombo kimoja chenye muhuri wake na kisichokufa. Ardhi ikiandikwa kwa jina la chombo hicho, mdhamini akifariki nafasi hujazwa na kiwanja hakiguswi. Lakini kusajiliwa hakumwondolei mtu lawama ya alichofanya yeye mwenyewe, jambo ambalo baadhi ya bodi hulisahau punde cheti kinapotundikwa ukutani. Wasimamizi wa wakfu wana sheria yao, ya 2022, na tume yao.

Kuna sababu nyingine ya haraka. Februari 2024, Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kimataifa kuhusu utakatishaji wa pesa na ufadhili wa ugaidi. Benki zinauliza nani hasa yuko nyuma ya akaunti. Pwani inajua uchungu wa maswali hayo: baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, akaunti za MUHURI na HAKI Africa zilifungwa. Mahakama Kuu Mombasa haikupata ushahidi wa kuyahusisha mashirika hayo na ugaidi, na baadaye mwaka huo ikaagiza akaunti zifunguliwe. Yalikuwa na mawakili na karatasi. Kikundi cha yatima cha Magarini au Msambweni kingeonyesha nini?

Bodi inayojisajili upya ingeanza na mambo yasiyo na gharama kubwa: kuwaondoa wasiotaka kazi, kuweka sahihi mbili kwenye kila hundi, na kumtaka kila mdhamini aseme kwa maandishi biashara anayofanya na shirika. Kisha mtu mmoja aende na nakala ya hatimiliki kwenye afisi ya ardhi aombe upekuzi rasmi, aone kiwanja kimeandikwa jina la nani, kabla wenye majina hayo hawajafa.