Kikohozi Kimekwisha, Dawa Bado

Sisi tunaohudumia wagonjwa wa kifua kikuu tunaulizwa swali hili karibu kila juma: "Sista, kikohozi kimekwisha, nimenenepa, mbona mnaendelea kunimezesha dawa?" Mgonjwa akifika mwezi wa pili huanza kuitamani kazi yake. Kwa kijana wa Kewanja au vijiji vingine vya Nyamongo, mara nyingi kazi hiyo ni duara la dhahabu, na humo mna vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa uleule.

Kwa maoni yetu kosa si lake peke yake. Sisi wauguzi tumezoea kumjibu, "Maliza dozi," basi. Amri isiyoelezwa haiwezi kushindana na njaa ya watoto.

Sababu yenyewe ni hii. Kijidudu cha kifua kikuu hutengeneza ndani yake sumu pamoja na kizuia sumu. Vikishikana, sumu haidhuru. Lakini kizuia sumu huharibika upesi, hivyo ni lazima kitengenezwe kila wakati. Kijidudu kikipata taabu, kwa mfano kikikosa chakula au kikishambuliwa na dawa, kizuia sumu hupungua na sumu hubaki peke yake. Hapo husimamisha kazi za kijidudu, hasa ya kutengeneza protini, nacho hulala. Dawa nyingi huua kijidudu kinachokua, kilicholala hukipita. Kijidudu hiki kina jozi za namna hiyo zaidi ya 70. Wataalamu bado wanabishana ni jozi zipi hasa zinazokilaza, lakini habari ya bakteria wanaosalia si ngeni: Joseph Bigger wa Ireland aliieleza mwaka 1944, alipoona wachache wakinusurika katika penisilini bila kuwa sugu.

Mkulima ataelewa. Ukipalilia ulezi leo, magugu yaliyoota hufa. Mbegu zilizo chini ya udongo hujazigusa.

Zamani matibabu yalichukua miezi 18. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ambayo matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 1972, yalionyesha kwamba kwa kuongeza rifampisini au pirazinamidi miezi 6 inaweza kutosha, kwa kuwa dawa hizo huwafikia hata wale wavivu. Siku hizi ni dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Hiyo 4 ya mwisho ndiyo ya kuwavizia waliolala!

Kulala si usugu. Lakini wakiamka, na mgonjwa akameza leo na kuacha kesho, usugu hupata nafasi. Matibabu ya kifua kikuu sugu yalianza nchini mwaka 2009 kule Kibong'oto, na ni magumu kuliko haya.

Tunawaomba wenye maduara wasimfukuze kijana anayekwenda kuchukua dawa. Hutolewa bure, yeye anahitaji ruhusa tu. Na nyumbani awepo mtu wa kumwona akimeza.

Kijana mmoja tuliyemweleza habari ya mbegu alirudi mwezi wa tatu na wa nne. Wa tano hakuja, tukamfuata. Vidonge vyake alikuwa akigawana na mwenzake wa duarani aliyekuwa akikohoa. Huyo mwenzake tukamwomba atupe makohozi.