MAJI YA FEBRUARI HAYATOKI KWENYE THELUJI

Ndugu wanakijiji na ndugu wanachama wa ushirika wetu,

Mkutano Mkuu wa kijiji utakaa Jumamosi hii, na ajenda ya tatu ni ile ya bonde la chemchemi. Habari zake kila mtu anazo. Wako vijana wetu wanaoomba wapewe bonde lile walime nyanya na vitunguu kwa pampu, na wako wazee wawili watatu wanaotaka pale juu ya chemchemi pandwe mikaratusi ya nguzo. Sisi wa ofisi ya tawi tumeona heri tuandike msimamo wetu hapa ukutani mapema, watu wasome, wabishane vilabuni, waje mkutanoni wakiwa wameshafikiri.

Tunaanza na neno moja linalosemwa sana: eti mto wetu unapungua kwa sababu theluji ya Kibo inakwisha, kwa hiyo hata tukilima chemchemi, hata tusipolima, maji yatakwenda tu. Neno hili ni tamu kwa sababu linatuondolea kazi. Lakini si kweli.

Kwamba barafu inakwisha, hilo ni kweli. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikaonekana kama kilomita za mraba 12. Ilipofika mwaka 2007 sehemu 85 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha. Sasa hebu tupige hesabu, maana sisi tuliojifunza hesabu ukubwani, darasa la jioni, hatuogopi namba. Kama barafu ndiyo mama wa mito yetu, basi mwaka 2007 mito ingekuwa imebaki kama uzi. Mbona haikuwa hivyo? Na tena kule kileleni mvua na theluji inayoanguka ni kidogo, haifiki hata milimita 500 kwa mwaka. Mvua kubwa haiko kileleni. Iko msituni, huku upande wetu wa kusini, kwenye mita kama 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huko inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Wataalamu wamepima maji yenyewe ya chemchemi na mito. Maji ya mvua iliyonyesha juu na ya iliyonyesha chini yanatofautiana uzito kidogo sana, na mashine inautambua uzito huo. Ushahidi wao umeonyesha kuwa maji haya ni ya mvua ya msituni iliyozama ardhini, na sehemu ya barafu ni ndogo mno.

Ndugu, jambo hili mnalijua kwa macho bila mashine. Masika ikipiga, mto hujaa, maji mekundu kama chai ya rangi. Hayo ni maji yaliyoteremka juu ya ardhi, na kesho kutwa yameshapita, yako tambarare. Lakini Februari, vuli imekwisha zamani, hakuna tone toka juu, na mto bado unatembea, maji meupe, baridi. Yametoka wapi? Hayakutoka mawinguni. Yametoka chini.

Mama zetu wanaochuja mbege wanaelewa upesi. Ukimimina kwenye chujio, kisha ukaacha kumimina, chujio haliachi papo hapo. Linaendelea kudondoka mpaka ujisahau. Mlima ni hivyo hivyo. Mvua ya msituni inaanguka kwenye majani, inapita kwenye majani yaliyooza, inaingia kwenye matundu ya mizizi na ya wadudu, inazama. Chini yake mlima wetu ni wa volkano: kuna matabaka ya mawe yaliyopasuka-pasuka, na kati ya matabaka hayo kuna udongo mzito wa majivu ya zamani usiopitisha maji. Maji yakifika kwenye udongo ule yanashindwa kushuka, yanakwenda upande, na pale bonde lilipokata tabaka yanatokeza. Hapo ndipo tunaposema chemchemi. Safari hiyo maji mengine huenda majuma, mengine miezi, na yale yanayozama sana huchukua miaka mingi. Yale ya mbali hutokea huko Rundugai, Chemka, na mengine huvuka mpaka chini kwa chini yakatoka Amboseli, Kenya, ambako mvua ni haba lakini mabwawa ya tembo hayakauki.

Kwa hiyo maji ya Februari tunayopanga foleni nayo ni akiba ya mvua iliyopita. Mwanaushirika anajua akiba ni nini. Ukipunguza kinachoingia, hata usipomwona mtu akichota, siku moja utakuta sanduku tupu.

Na sisi tunakipunguzaje? Moto wa msitu, kama ile ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022, unachoma mimea ya juu inayokamata ukungu. Mteremko uliolimwa ukabaki mtupu unapigwa na mvua, udongo unaziba, maji yanakimbia juu juu na kuchukua samadi yetu. Kihamba chenye migomba, kahawa na mringaringa juu yake kinazamisha maji. Hilo babu zetu walilifanya bila kwenda kozi. Mkaratusi nao tunaujua unavyokunywa. Kuupanda kichwani mwa chemchemi ni kumfunga ng'ombe mwenye kiu kando ya mtungi.

Habari ya mfongo tunaitaja kwa kupita tu. Wako wanaotaka tujengee saruji mfongo wote ili maji yasipotee njiani. Huku juu sawa, tunapoteza mno. Lakini maji yanayovuja huku, mengine yanazama na kumtokea jirani wa chini, kwa hiyo tusiamue peke yetu bila kuwauliza wa vijiji vya chini.

Sasa vijana. Hatuwasemi vibaya. Kihamba kimegawanywa mpaka mtu anarithi migomba kumi, na mtoto wa watu hawezi kula maneno ya katibu. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na bonde lile ukilipima kwa hatua, karibu lote limo ndani ya mita hizo. Tena pampu mbili zikinguruma Januari pale juu, nyumba za kitongoji cha chini zitakosa maji ya kunywa kabla nyanya hazijaiva. Tumeshaona kwa majirani.

Maoni yetu ni haya. Bonde lisigawiwe. Mikaratusi isipandwe, pandwe mikuyu na mringaringa. Vijana wapewe lile shamba la ushirika nyuma ya ghala ambalo kila mwaka tunalikodisha kwa bei ya kutupa kwa watu ambao hata si wanachama. Wajumbe wengine wa kamati hawatalipenda neno hili, tunajua, kwa sababu kodi ile ndiyo inayolipia chai ya vikao. Wakapinge mkutanoni, tutajibu.

Na tuanze kupima. Tarehe moja ya kila mwezi mtu asimame kwenye bomba la chemchemi na ndoo ya lita 20 na saa, ahesabu sekunde mpaka ijae, namba iandikwe hapa ukutani chini ya bei za kahawa. Akina mama wawili wa darasa la kisomo wamekwisha kubali kazi hiyo.

Mkutano ni saa nne asubuhi, penye mkuyu wa shule. Jumatatu yake ni msaragambo wa kuchimba makinga maji juu ya barabara. Kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe. Asiyeweza kusoma maandishi haya kwa sababu ya macho, balozi wake amsomee.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya ofisi