Goma: Nani atalipa ili Katindo ipike bila kumaliza msitu?

Katika mtaa wa Katindo, mjini Goma, siku inaanza na moshi. Mbele ya nyumba nyingi mbabula inawashwa mapema, chai inachemshwa, na baadaye sufuria ya maharagi inakaa juu ya moto kwa masaa. Makala hayo yanatoka mbali na mtaa. Yanafika kwa lori, kwa pikipiki na kwa chukudu, kutoka upande wa Rutshuru, Nyiragongo na Masisi, na sehemu yake inakatwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Msitu huohuo unazungumzwa kila mwaka katika mikutano ya dunia juu ya mabadiliko ya tabianchi. Wakubwa wa dunia wanataka miti ya Congo ibaki imesimama, kwa sababu inahifadhi hewa ya kaboni ambayo viwanda na magari yao yanatoa. Serikali ya Kinshasa nayo inaiita RDC “nchi suluhisho”. Lakini kati ya hotuba hizo na mbabula ya Katindo kuna swali moja ambalo bado halijapata jibu: nani atalipa ili familia ipike bila kukata msitu?

Hesabu ya kila siku

Wakaaji wa Goma wanajua kwamba msitu unapungua. Wanaendelea na makala kwa sababu yananunuliwa kidogo kidogo. Mama aliyeuza nyanya asubuhi anaweza kuchukua ndoo moja au mfuko mdogo, akapika siku hiyo. Gazi inadai chupa na jiko kwa mara moja. Umeme unadai kuunganishwa, kompta, resho, na pesa za kununua uniti kabla ya kupika. Kwa mtu anayeishi kwa mapato ya siku, kile kinachogharimu zaidi mwishoni mwa mwezi ndicho mara nyingi kinachowezekana leo.

Vita vimezidisha mzigo huo. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi kando ya Goma na kukata kuni ndani ya Virunga. Mwaka huohuo UNESCO iliweka hifadhi hiyo, iliyoundwa mwaka 1925, kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tangu mwaka 2022, vita vya M23 vilisukuma tena mamia ya maelfu ya wahamaji wa ndani hadi kando ya mji, nao walihitaji kuni kama wale wa kwanza. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimeonyesha pia kwa miaka mingi kwamba biashara ya makala inalisha makundi yenye silaha. Zaidi ya walinzi 200 wa hifadhi wameuawa katika kazi yao ndani ya miongo iliyopita.

Umeme upo, lakini hautoshi

Suluhisho moja linajulikana. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 13 hivi, na umeme wake unafika Goma. Kingine kilijengwa Luviro, katika wilaya ya Lubero. Mpango wa Virunga ulikuwa wazi: kutumia mito ya hifadhi ili mji uache kula miti ya hifadhi. Kulifanyika hata majaribio ya kupika kwa sufuria za umeme na familia kadhaa za Goma, maana sufuria hizo zinaivisha maharagi kwa umeme kidogo.

Lakini waya kutoka Matebe unapita katika eneo la mapigano. Umekatika mara kadhaa, na mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, Goma ilibaki bila umeme na bila maji. Baada ya hapo benki zilifungwa na pesa taslimu zikawa adimu. Ndiyo maana hata nyumba yenye kompta inatunza mbabula yake nyuma ya nyumba. Jambo hili linasahaulika katika hesabu nyingi za kaboni: usalama wa laini ya umeme ni sehemu ya ulinzi wa msitu.

Nchi nyingine zimeanza kuweka suala la jiko katika siasa ya taifa. Tanzania ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya watu wake ifikapo mwaka 2034. Mwezi Mei wa mwaka huohuo, mkutano wa Paris juu ya kupika kwa nishati safi barani Afrika ulikusanya ahadi za dola bilioni 2.2. Katika mji ulio chini ya utawala wa waasi, ambako miradi mingi ya nje imesimama, ahadi kama hizo hazina mlango rahisi wa kuingilia.

Kinshasa na lugha mbili

Sera ya nchi yenyewe imeyumba. Mwaka 2021 kule Glasgow, RDC ilikubali mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka mitano ili kulinda misitu. Julai 2022 ilipiga mnada maeneo 27 ya petroli na matatu ya gazi, baadhi yakigusa Virunga. Oktoba 2024 mnada huo ulifutwa. Januari 2025 ikatangazwa Couloir Vert kati ya Kivu na Kinshasa, eneo la kulindwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 540,000. Kufika Mei 2025, serikali ilikuwa imefungua maeneo mapya 52 ya petroli, mengine ndani ya couloir hiyo.

Kinshasa ina hoja yake. Nchi tajiri zinaendelea kuchimba petroli na gazi, na baada ya vita vya Ukraine Ulaya ilitafuta gazi kila mahali. Congo, ambayo haikuchafua sana hewa, inaambiwa isubiri. Na tazama kobalti: RDC inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za magari ya umeme. Magari yanaacha petroli Ulaya na China, huku nchi inayotoa madini hayo ikiendelea kupika kwa makala. Hata hivyo, hoja ya haki ina nguvu tu ikiwa pesa zinazodaiwa zitafika jikoni. Hadi sasa, pesa za kaboni na za petroli zote mbili zimebaki mbali na Katindo.

Mvua isiyopimwa

Wakati huohuo, gharama ya tabianchi inalipwa tayari ng’ambo ya ziwa Kivu. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha vilima na mito juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na maelfu hawakuonekana tena. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima kama joto la dunia lilichangia. Jibu lao, mwezi Juni 2023, lilikuwa kwamba hawawezi kusema, kwa sababu takwimu za mvua za eneo hilo hazitoshi.

Jibu hilo lina uzito wa kisiasa. Mfuko wa kulipia hasara na uharibifu ulikubaliwa Misri mwaka 2022 na kuanzishwa Dubai mwaka 2023. Nchi isiyo na vipimo vya mvua itafika mbele ya mfuko huo na makaburi, bila namba za kutetea madai yake. Kituo cha kupima mvua ni kitu kidogo kuliko bomba la petroli, na kinaweza kuonya watu kabla mlima haujashuka.

Hivyo, kwa Goma mambo ya kufuatilia yanajulikana: laini ya umeme isiyopigwa risasi, bei ya kuunganishwa inayoweza kulipwa kidogo kidogo kama makala, na vipimo vya mvua juu ya vilima. Yasipopatikana hayo, bei ya makala Katindo itaendelea kufuata barabara. Njia ya Sake au ya Rutshuru ikifungwa, mfuko unapanda bei. Ikifunguliwa, malori yanarudi kutoka msituni.