Kijana anataka RAM mpya? Kwanza airudishe kompyuta ilivyokuwa

Wiki hii najibu ujumbe wa mama mmoja wa Bugarama, kule Msalala, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Ana stesheneri. Mchana kompyuta yake ya mezani inachapa CV, barua za maombi ya kazi na fomu za wanafunzi. Jioni mwanawe aliyemaliza kidato cha nne anachezea geimu. Kijana huyo alitazama video mtandaoni, akaingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta na kuiongezea prosesa spidi kupita kiwango cha kiwandani. Vijana wanaita kuovakloki. Geimu ikawa nyepesi kweli, lakini sasa kompyuta inajizima, skrini inageuka ya bluu, na faili la mteja limegoma kufunguka. Kijana anasema dawa ni RAM mpya, tena ya mwendo mkali. Mama anauliza: "Nimpe hela au asubiri? Maana ni hela ya sare na madaftari ya wadogo zake."

Dada yangu, asubiri kidogo. Huenda RAM inahitajika, lakini kwa sasa hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe.

Wazazi wa huko mnaijua karasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Ukiilazimisha izunguke kuliko ilivyotengenezwa, utasaga mawe mengi kwa siku chache, kisha beringi zitaanza kupata moto. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Ikikimbizwa inakula umeme zaidi na kutoa joto zaidi. Ongeza vumbi lililoziba feni na jua la saa nane, kompyuta itajizima ili isiungue. RAM mpya haitibu joto.

RAM yenyewe ni nini? Ni kama meza ya kazi pale stesheneri, wakati diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kila mara unarudisha karatasi kabatini ili upate nafasi, na kazi inachelewa. Kuongeza RAM ni kupanua meza. Meza pana inasaidia ikiwa ile ya zamani ilikuwa imejaa. Kama nusu yake ilikuwa wazi, umepoteza hela.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawaambiwi kwenye hizo video. Katika baadhi ya kompyuta, hasa za zamani, ukiongeza mapigo ya msingi ya madabodi, mwendo wa RAM nao unapanda bila wewe kuugusa. RAM inayokimbizwa kupita uwezo wake hukosea. Inaweza kuhifadhi herufi au namba tofauti na uliyoandika, na faili likaharibika bila onyo lolote. Mtu anayeomba kazi mgodini hatajua kwa nini CV yake haifunguki. Atajua tu kwamba aliitengenezea kwako.

Kwa hiyo mwambie kijana afanye haya, kwa mpangilio huu, nawe ukae naye.

Kwanza, anakili faili zote muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Kisha aingie kwenye BIOS na kurudisha mipangilio ya kiwandani. Apulize vumbi kwenye feni, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Fanyeni kazi hivyo wiki nzima. Matatizo yakikoma, mmeshapata jibu bila kutumia hata shilingi.

Pili, pimeni mahitaji. Stesheneri ikiwa na wateja na programu zote zimefunguliwa, bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Kwenye sehemu ya utendaji mtaona RAM iliyopo na inayotumika. Kama mna GB 8 na zinatumika 5, kuongeza hakutabadilisha kitu kwenye kazi hizo. Kama muda wote imejaa karibu yote, kijana ana hoja. Rudieni kipimo hicho jioni akiwa kwenye geimu, ili asiseme umempendelea mteja.

Tatu, ipimeni RAM iliyopo. Windows ina kipimo chake, na ipo programu ya bure iitwayo MemTest86 inayowekwa kwenye flashi. Iacheni ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja huku mipangilio ikiwa ya kiwandani, msilipuuze. Chomoeni vipande, mpime kimoja kimoja ili mjue kibovu ni kipi.

Baada ya hapo, kama kununua ni lazima, nendeni dukani na kipande cha zamani mkononi. RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo lililokatwa kwenye ukingo liko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja. Ya laptopu ni fupi, haiingii kwenye ya mezani. Jihadharini pia na RAM zilizotolewa kwenye seva. Mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini zile zinazoitwa "registered" hazifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida.

Angalieni kama Windows yenu ni ya biti 64. Ile ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata mkiweka 16.

Kuhusu mwendo, msinunue namba kubwa kwa sababu ni kubwa. Kiwango rasmi cha DDR4 kinaishia 3200. Ile iliyoandikwa 3600 hufikia mwendo huo kwa kuwasha mpangilio uitwao XMP, na huko nako ni kuikimbiza kupita kiwango. Vilevile, ukichanganya kipande cha kasi na cha taratibu, kwa kawaida vyote vitafuata cha taratibu. Kwa kompyuta ya kuingiza kipato, bora vipande viwili vinavyofanana, vyenye mwendo unaokubaliwa na prosesa na madabodi yenu. Viwili vinavyofanana vikikaa kwenye nafasi zake sahihi hufanya kazi sambamba, na hilo husaidia hata geimu, hasa kompyuta isiyo na kadi yake ya picha.

Mkipata RAM iliyotumika, ombeni ijaribiwe mbele yenu kabla ya kulipa. Chukueni risiti ya EFD na garantii ya maandishi. Nasisitiza hili kwa sababu tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani. Watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza nguvu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kukosea kununua sasa kunauma kuliko zamani.

Na kama kompyuta bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, ulizeni kwanza bei ya SSD. Kwa kuwaka haraka na kufungua mafaili, mara nyingi hiyo ndiyo mtakayoiona tofauti yake.

Sasa tuje kwa kijana mwenyewe. Usimwite mharibifu. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zinazoletwa nchini haziruhusu kabisa kuongezwa spidi, kwa hiyo kufika alikofika kunaonyesha ana udadisi. Kosa ni kufanyia majaribio chombo kinacholisha familia bila kuuliza. Mpe daftari. Kila anachobadilisha aandike tarehe, kilikuwaje na kimekuwaje. Fundi yeyote makini hufanya hivyo, na akija kuomba nafasi VETA atakuwa ameshajua jambo ambalo wenzake watafundishwa.

Mkubaliane pia kwamba mchana spidi ni ya kiwandani, bila mjadala. Akitaka kukimbiza mashine, akusanye vipuri vyake taratibu, na wewe mchangie kadiri unavyoweza. Akiunguza, ataunguza cha kwake, na wateja wako wataendelea kupata barua zao.